Mdudu wa Kuku Analala Wapi?

Mhadhara kwa wafugaji wa kuku wa majumbani, Mwanza



Miaka kadhaa iliyopita nilikwenda Kayenze kumsalimia mama mkwe. Ukwe wetu mnaujua: yeye alisimama kwenye mlango wa jiko, mimi nikasimama chini ya mwembe, na maneno yetu yakawa yanapitia kwa mjukuu. Mjukuu akaja na ujumbe: "Bibi anasema kuku wake mweupe amesusa mayai." Yalikuwa mayai 11, siku ya 16 ya kuatamia, zimebaki siku tano tu vifaranga watoke. Jirani alikwisha kukata shauri kwamba ni kijicho cha mtu.

Kiota chenyewe kilikuwa tenga bovu lililojazwa nyasi kavu, limeegemezwa kwenye ukuta wa mabanzi. Nikaingiza mkono kupapasa kama mayai bado yana joto. Kabla sijafika la tatu, mkono wote kuanzia vidoleni hadi kwenye kiwiko ulikuwa unatembea. Ukiutazama haraka ungesema ni vumbi la pumba. Ukitulia unaona vumbi lina miguu, na punje nyingine ni nyekundu kwa sababu zimeshiba. Kuku yule alikuwa anakaliwa na wadudu hao usiku kucha, siku 16 mfululizo, bila kunyanyuka. Mimi nisingevumilia hata usiku mmoja.

Huo ni utitiri. Ninapenda kuwakumbusha vijana kwamba neno hili limetoka bandani likaenda mbali. Gazeti likiandika "utitiri wa vyama" au "utitiri wa makanisa", linaazima idadi ya mdudu huyu, kwa sababu wazee wetu walipotafuta mfano wa kitu kisichohesabika walikuwa wamekwisha kuingiza mkono kwenye kiota.

Sasa nikiri kosa langu. Nilirudi mjini, nikanunua dawa ya unga, nikapanda tena gari hadi Kayenze. Tukawakamata kuku wote 14, mmoja mmoja, tukawapaka unga chini ya mbawa, shingoni na mkiani, nikaondoka nimejaa sifa za mkwe mwema. Baada ya wiki mbili simu ikaja, utitiri umerudi. Haukurudi, ndugu zangu, maana haukuwa umeondoka. Nilimpaka dawa kuku mchana, saa ambayo mdudu alikuwa amejilalia zake ukutani.

Nikipewa kuku mgonjwa wa wadudu leo, swali la dawa gani nalichelewesha. Nauliza kwanza mdudu analala wapi.

Tumchukue huyu utitiri mwekundu. Hafiki hata milimita moja. Mchana amejibanza kwenye ufa wa mbao, chini ya gome la banzi, kwenye kifundo cha kamba, chini ya kiota. Giza likiingia anatoka, anapanda mguu wa kuku, ananyonya kwa muda wa nusu saa hadi saa moja, kisha anarudi nyumbani kwake kutaga. Kwa joto letu la hapa, yai linaweza kuwa mdudu mzima anayetaga ndani ya wiki moja hivi. Na hata ukiwahamisha kuku wote, yeye anaweza kukusubiri kwenye ufa wake kwa miezi kadhaa, hata minane, bila kula. Ndiyo maana mtu anauza kuku wote, analiacha banda tupu kuanzia vuli hadi masika, analeta vifaranga wapya, na wiki ya kwanza vifaranga wanaanza kusinzia na upanga kuwa mweupe.

Mdudu wa namna hii hakamatwi mchana. Ingia bandani saa nne usiku, bila kelele. Chukua kitambaa cheupe au karatasi, ipitishe kwa nguvu upande wa chini wa ufito wanaolalia kuku, hasa pale ufito unapokutana na ukuta. Ikitoka na michirizi myekundu kama ya kunguni aliyepondwa, jibu umelipata. Kwa wale wasiopenda kuamka usiku kuna mtego usiogharimu kitu: kata kipande cha boksi lile lenye mikunjo ndani, kikunje, kifunge chini ya ufito jioni. Utitiri unapenda vijifereji vile kuliko ufa wa mbao. Baada ya siku mbili kifungue juu ya kitu cheupe, uhesabu ukiweza, kisha ukichome moto na wakazi wake.

Mchana kuna dalili pia, ila mfugaji huzisoma vibaya. Kuku wanakataa kuingia bandani jioni, wanapanda juu ya mti au juu ya bati. Mwenye nyumba anawaita wakaidi na kuwaswaga kwa fimbo warudi kule kule wanakokimbia. Mayai yanapungua, tunasema chakula kimebadilika. Unakuta majivu ya kijivukijivu yamejikusanya kwenye maungio ya mbao, yana alama nyeusi na nyeupe kama chumvi iliyochanganywa na pilipili manga. Hayo si majivu, ni magamba na kinyesi cha utitiri.

Hapo ndipo ninapogombana na mabanda yetu ya Mwanza. Tunajenga kwa mabanzi kwa sababu ni rahisi, sawa, sina ugomvi na mfuko wa mtu. Lakini banzi lenye gome ni nyumba ya wageni yenye vyumba elfu. Libandue gome kabla hujaligongelea misumari. Na ninyi wa milimani, wa Mabatini, wa Igogo, wa Bugando, ninyi mna ujuzi wa kutumia jiwe kama ukuta wa nne. Jiwe la Mwanza halilipiwi. Nimekwisha kuona banda lililosafishwa kwa maji ya moto, likapakwa chokaa pande tatu, na upande wa nne jiwe lenye nyufa linawalisha wadudu wanaorudi kila usiku. Jiwe hulihamishi. Lihamishe banda hatua moja, mtu aweze kupita katikati na ufagio.

Utaratibu wa kusafisha ni huu, na ni kazi ya siku nzima. Toa kuku. Kwangua pumba na maranda yote, yachome mbali na banda. Ng'oa fito na viota. Kiota cha tenga bovu usikihurumie. Mwaga maji yanayochemka yenye sabuni kwenye kila ufa, kila maungio, kila tundu la msumari. Acha pakauke kwa jua. Kisha nyunyizia dawa ya wadudu iliyosajiliwa kwa kazi ya mabanda, ukielekeza bomba kwenye nyufa. Katikati ya ukuta hakuna anayelala hapo. Malizia kwa chokaa nzito inayoziba nyufa. Halafu, na hapa ndipo wengi tunapoanguka, rudia dawa baada ya siku saba, kwa kuwa mayai yaliyopona siku ya kwanza yatakuwa yameanguliwa na wale watoto bado hawajaanza kutaga. Anayepuliza mara moja amepunguza msongamano tu.

Fito mpya zisiguse ukuta. Zisimamishe kwenye miguu yake yenyewe, kila mguu ndani ya kopo lenye oili chafu kidogo. Mdudu anayetoka ukutani atafika kwenye kopo na safari yake itaishia hapo. Fundi gereji atakupa oili hiyo bure, tena atakushukuru.

Ufa huo huo wa banzi una mkazi mwingine, na huyu ndiye ninayemwogopa zaidi: kupe wa kuku. Simsemi kupe yule mgumu wa ng'ombe mliyemzoea. Huyu ni kupe laini, bapa kama mbegu ya tikitimaji, anayefika karibu sentimita moja, na akishiba anavimba na kuwa kama zabibu. Naye hula usiku na kulala mchana, isipokuwa watoto wake, ambao hung'ang'ania chini ya bawa kwa siku kadhaa kabla ya kudondoka. Aliyekomaa anaweza kukaa zaidi ya miaka miwili bila kula. Na anabeba ugonjwa wa damu unaoleta homa, kuzubaa na kinyesi cha kijani.

Nimesema kinyesi cha kijani, nimeona watu wanatazamana. Ndiyo, ni kama mdondo, ule ambao wengine wanauita kideri. Mama mmoja wa Buhongwa anachanja kuku wake kwa tone la I-2 jichoni kila baada ya miezi mitatu, kama alivyofundishwa, na bado kuku wanadondoka na kinyesi cha kijani, na mtaa mzima unatangaziwa kwamba chanjo ni maji. Huenda chanjo haina kosa. Inua bawa la kuku aliyekufa, tazama kama kuna vijidoa vyekundu na vibuu vya kupe. Chunguza ukuta usiku. Ugonjwa huu wa kupe hutibika kwa penisilini ukiwahiwa, wakati mdondo hauna tiba. Kwa hiyo kutofautisha kuna faida. Mpelekee bwana mifugo kuku aliyekufa leo asubuhi, usimpelekee maelezo ya kuku aliyekufa Jumanne.

Kupe huyu ana ndugu yake tunayemfahamu kwa jina: papasi. Papasi hukaa kwenye sakafu za udongo na kuta za nyumba zetu za zamani, na humpa binadamu homa inayokuja, inaondoka, inarudi. Mwaka 1905 daktari Mwingereza, Joseph Everett Dutton, alikufa kwa homa hiyo huko Kasongo, mashariki mwa Kongo, akiwa katika kuichunguza pamoja na mwenzake Todd. Mwaka huo huo Mjerumani Robert Koch alipita njia ya misafara kutoka pwani yetu, akachimbua udongo wa vibanda walimolala wapagazi, akakuta papasi, na akaonyesha kwamba papasi mama huwarithisha watoto wake vijidudu vya homa hiyo kupitia mayai. Mwaka uliofuata alifika huku ziwani, akapita Mwanza akielekea visiwa vya Sese kwa ajili ya malale.

Ninawapeleka huko kwa sababu ya kuku. Wapagazi wameondoka, lakini kuku bado wanalala ndani. Chini ya kitanda, nyuma ya mitungi, jikoni kwenye joto la mafiga: vibaka ni wengi, kila mtu ana sababu yake. Watafiti waliopima damu ya kuku na nguruwe wa Mvumi, Dodoma, na kuchapisha matokeo mwaka 2007, waliwakuta baadhi yao na vijidudu vya jamii hiyo hiyo ya homa ya papasi. Papasi anayekosa mtu atakula kuku, na anayeshiba kwa kuku atazaa. Banda la nje lenye kufuli, hata liwe dogo kama kabati, ni kinga ya mtoto anayelala kwenye mkeka.

Wengine nitawapitia haraka kidogo. Chawa wa kuku haondoki mwilini; anazaliwa, anaoa na kufia kwenye manyoya, na mayai yake yanaganda kwenye mashina ya manyoya karibu na njia ya haja, kama punje za sukari. Kwa chawa, dawa ya kumpaka kuku ndiyo yenyewe, na urudie baada ya siku kumi hivi. Utitiri wa miguu nao unaishi chini ya magamba ya mguu. Mguu unavimba, magamba yanasimama kama ya sangara anayeparuzwa. Usiyabandue. Osha kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, tumia mswaki wa zamani, kisha paka mafuta mazito ya mgando ili mdudu akose hewa, kila wiki hadi magamba mapya yatoke. Nimeona watu wanapaka mafuta ya taa matupu. Kuku anaungua, na mtu mzima anafurahi kwamba dawa ni kali.

Viroboto wa kuku wana hadithi yao. Mnawaona kwenye kope, upanga na ndevu, weusi, wamejichomeka kichwa chini kama ufuta juu ya mkate. Jike akishajichomeka halegei, na mayai yake yanadondoka chini. Anayeficha watoto hapa ni sakafu. Sisi wa ufukweni tunapenda kumwaga mchanga wa ziwani bandani kwa kuwa unapendeza na kufagilika. Mchanga mkavu wenye kivuli ndio kitalu chao hasa. Wale wa usoni wapake mafuta ya mgando, ukilinda macho ya kuku. Kisha koroleo na toroli: ondoa tabaka lote la juu la mchanga, piga dawa ardhini, au ukipata saruji, mwaga sakafu na umalize ugomvi. Na mbwa wa nyumbani mtazame masikio, maana viroboto hao hawabagui.

Sasa dawa. Ukanda wetu ni ukanda wa pamba, na kila aliyekulia Magu, Kwimba au Misungwi anajua ile chupa iliyobaki baada ya msimu, imefichwa darini. Inapuliziwa kunguni, inapuliziwa mahindi, na sasa inapuliziwa kuku. Tunajua dawa hizo zilifika wapi. Machi 1999 Umoja wa Ulaya ulifunga mlango kwa samaki wa Ziwa Victoria kutoka Tanzania, Kenya na Uganda, kwa sababu kulikuwa na watu wanaovua kwa sumu. Viwanda vya minofu vya mji huu viliuonja uchungu wake. Dawa ya pamba juu ya kuku inaingia kwenye ngozi, inaingia kwenye yai, na yai linaingia kwenye kikombe cha uji wa mtoto.

Wala tusidhani ujinga huu ni wetu peke yetu. Agosti 2017 mamilioni ya mayai yaliondolewa madukani Uholanzi, Ubelgiji na Ujerumani. Chanzo kilikuwa huyu huyu utitiri mwekundu wa Kayenze. Mabanda makubwa yalikuwa yamesafishwa kwa dawa iliyosifiwa kuwa ni ya mimea, kumbe imechanganywa fipronili, sumu isiyoruhusiwa kwa wanyama wanaoliwa. Wafugaji wenye kompyuta na mizani ya elektroniki walidanganywa kwa neno "asilia", neno ambalo hata hapa kwenye minada linauza chupa nyingi.

Nunueni dawa yenye kibandiko kinachosomeka, kilichoandikwa kuku. Someni muda wa kusubiri kabla ya kula mayai na nyama. Kama haukuandikwa, msinunue. Unga wa pareto, zao la wenzetu wa Iringa na Mbeya, ni mzuri kwa wadudu na hauishi muda mrefu kwenye jua. Sindano ya ng'ombe usimgawie kuku kwa kukadiria.

Na majivu? Nimeulizwa swali hili hata kabla sijapanda jukwaani. Majivu ni kweli. Mchimbie kuku shimo dogo pasiponyesha, changanya majivu makavu na udongo mlaini, ataoga mwenyewe, na vumbi lile hukausha ngozi ya chawa. Yakilowa ni tope tu, hayana kazi. Na hayamfikii aliyelala ukutani. Majani ya mwarobaini kwenye kiota yanasaidia kiasi; msiyategemee peke yake. Utupa nauogopa. Una rotenoni, ndiyo maana wazee waliutwanga kulevya samaki mitoni. Ukiutumia bandani, maji ya kuoshea yasielekee kwenye mfereji unaoshuka ziwani.

Minyoo ningeiacha kwa siku nyingine, ila neno moja. Tegu wa kuku hapiti moja kwa moja kutoka kuku hadi kuku. Anapitia kwa sisimizi na mbawakawa ambao kuku huwadonoa. Sasa tazama tunavyomwaga vumbi la dagaa chini bila chombo: asubuhi ni chakula cha kuku, saa sita sisimizi wamejipanga mstari, jioni kuku anawala sisimizi. Tumia kihori. Na wape kuku dawa ya minyoo wiki moja au mbili kabla ya chanjo, kwa kuwa kuku aliyejaa minyoo anaweza asijenge kinga vizuri. Kuhara damu kwa vifaranga ni jambo jingine, si minyoo, na dawa ya minyoo haigusi.

Mwisho kuna tenga. Utitiri hautembei kutoka Misungwi hadi Nyegezi. Unapanda basi, ndani ya tenga, pamoja na jogoo uliyemnunua mnadani kwa bei ya kutupa. Jogoo huyo akae peke yake wiki mbili, mbali na wenzake, apakwe dawa na kukaguliwa chini ya mbawa. Tenga halirudi bandani kuwa kiota. Lile la mama mkwe ndivyo lilivyoanza, kumbe: lilikuja na kuku wa arusi.

Tulilichoma. Tukapasua ukuta wa mabanzi, tukaubandua gome, tukamwaga maji ya moto, tukapaka chokaa. Mimi nina tabia ya kuandika tarehe za dawa kwa mkaa juu ya mlango wa banda, ili siku ya saba isinipite. Mama mkwe, katika bidii yake, alipaka chokaa hadi juu ya tarehe zangu. Mjukuu akatumwa kuniambia bibi anaomba radhi. Nikamwambia bibi asijali, akaniletee kipande cha mkaa. Juu ya ukuta mweupe namba zinasomeka vizuri zaidi, na utitiri ukipita unaonekana.